Taichi: Mwendo wa Polepole Wenye Nguvu

Fungueni vitabu, tusome pamoja. Leo tutasema habari za taichi, mchezo wa mwili wa Wachina.

Katika jimbo la Henan, China, kuna kijiji kiitwacho Chenjiagou. Watu wa ukoo wa Chen walifundishana mchezo huu kwa vizazi vingi ili wajilinde. Yang Luchan (1799–1872) alijifunza kwao, kisha akaenda Beijing kufundisha. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliueneza kwa watu wengi kwa mwendo laini, wa polepole. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mfuatano mfupi wa miondoko 24, ili kila mtu aweze kujifunza.

Auonaye mara ya kwanza hucheka. Husema, “Je, kobe aweza kupigana?” Basi na ajaribu mwenyewe. Simama, magoti yamelegea kidogo. Peleka uzito wote mguu wa kulia. Inua wa kushoto, uuweke mbele, kisigino kwanza, kama akanyagaye yai. Mguu ukiisha tulia, ndipo uupe uzito. Ukienda haraka, kosa lako hulioni. Ukienda polepole, utayumba, nawe utajua mara moja wapi pana udhaifu.

Hapo ndipo afya na vita hukutana. Mpiganaji asiyesimama imara huangushwa kwa msukumo mdogo. Kwa hiyo wanafunzi wa taichi hujaribiana wawili wawili, mikono ikigusana. Mmoja akisukuma, mwenziwe hashindani naye kwa nguvu. Hugeuza kiuno, na ile nguvu hupita kando.

Mzee naye ana adui, ndiye kuanguka. Akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Madaktari wamechunguza wazee wafanyao taichi, wakaona kwamba huanguka mara chache kuliko wasioifanya. Lakini taichi si dawa ya kila ugonjwa, wala haishiki nafasi ya daktari. Mwenye miguu dhaifu na aanze karibu na ukuta, apate pa kushika.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kijiji cha ukoo wa Chen kiko jimbo gani?
2. Kwa nini mwanafunzi wa taichi huenda polepole?
3. Mzee hupata faida gani?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.