Ini Linalobaki

Mgonjwa wa Mugango mwenye saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini huweza kupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Wakisikia “imesambaa”, ndugu huanza kikao cha kugawa shamba. Mapema mno, nionavyo. Ni kweli wengi hawafai kisu. Lakini daktari wa upasuaji hahesabu vivimbe tu. Hutazama kipande cha ini kitakachobaki: kwa ini lenye afya, angalau asilimia 20 hivi, na baada ya dawa kali za saratani, asilimia 30 au zaidi, kikiwa na mishipa yake ya damu na njia ya nyongo. Kipande hicho hukua tena. Ulizeni kama jopo la madaktari limeitazama picha ya CT, kabla shamba halijagawanywa.