Benchi Lililohamia Kwenye Simu: Makundi ya Mtandaoni na Matumaini ya Wanaoishi na VVU

"Mambo?" Salamu hiyo fupi ilitumwa kila wiki kwenye simu za watu waliokuwa ndio kwanza wanaanza dawa za kufubaza VVU (ARV) katika kliniki za Nairobi na Kajiado, kuanzia mwaka 2007. Mpokeaji alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa neno moja kati ya mawili: "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyekaa kimya naye alipigiwa. Ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa. Simu ikiangukia mikononi mwa mume, shangazi au bosi, kilichoonekana ni salamu ya mjini, basi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la tiba la The Lancet. Walioshiriki walikuwa 538. Nusu hivi walitumiwa salamu, waliobaki wakaendelea na huduma ya kawaida. Mwisho wa utafiti, waliomeza dawa inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 upande wa salamu na asilimia 50 upande wa pili. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Walipoulizwa salamu ile iliwasaidia nini, wapo waliosema walihisi kuna mtu anayewajali.

Matokeo ya majaribio mengine hayakufanana. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, waliokumbushwa dawa kwa ujumbe mara moja kwa wiki walifanya vizuri kuliko wasiokumbushwa: asilimia 53 dhidi ya 40 walifikia kiwango kinachotakiwa. Waliokumbushwa kila siku hawakuonyesha nafuu ya kutegemewa. Mjini Yaoundé, Kamerun, ujumbe wa kutia moyo uliotumwa kila wiki haukuleta tofauti yoyote ya maana. Matokeo yake yalitoka mwaka 2012. Mada hii inayasoma majaribio hayo kwa pamoja na kupata jambo moja. Kengele ya kumkumbusha mtu ameze kidonge ipo kwenye kila simu, na bado watu huacha dawa. Anayeishi na VVU anahitaji mtu wa kumuuliza hali na kusubiri jibu. Baadaye, akishasimama, anahitaji nafasi ya kumuuliza mwingine. Nafasi hiyo ya pili ndiyo inayozaa matumaini ya kudumu, na ndiyo inayosahauliwa zaidi na wanaopanga huduma.

Zamani nafasi hiyo haikusahauliwa. Tanzania iligundua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka zaidi ya ishirini dawa ama hazikuwepo ama zilikuwa za wenye fedha tu. Kitu pekee ambacho watu walikuwa nacho ni kukutana. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe Januari 1987, na mwaka huohuo yeye na wenzake walioguswa na ugonjwa huo wakaanzisha TASO, shirika la kusaidiana. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na watu, akafariki Desemba mwaka huohuo. Tanzania nayo ikapata shirika kama hilo, WAMATA, mwaka 1989. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na tiba ya kumpa mwenzake. Walipeana muda na masikio, wakauguzana na kuzikana.

Dawa za bure zilipoanza kutolewa Tanzania mwaka 2004, mahali pa kukutana pakawa benchi la kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu anaiita CTC. Watu walifika alfajiri na kadi zao, wakakaa saa nne, tano, wakisubiri kuitwa. Foleni ilichosha na wengi waliichukia. Lakini pale ndipo mama aliyepokea majibu wiki iliyopita alipokaa bega kwa bega na baba mwenye miaka saba kwenye dawa, akamtazama usoni, akaona mtu mzima mwenye afya, anayelalamikia bei ya mbolea.

Leo benchi hilo limepungua watu, na sababu yake ni njema. Mteja anameza kidonge kimoja kwa siku, chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir ndani yake, na hali yake ikitulia hupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Anakwenda kliniki mara chache kwa mwaka, anachukua mzigo wake, anaondoka. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, yaani watu milioni moja na nusu hivi. Kati yao, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa; na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Ni ushindi mkubwa ambao waliotangulia miaka ya 1980 wasingethubutu kuuota. Hata hivyo, takwimu hizo hazisemi ni wangapi kati ya hao waliofubaza virusi ambao hawajawahi kuzungumza hata mara moja na mtu mwingine mwenye hali kama yao.

Hao ndio wanaoingia mtandaoni usiku.

Kundi la kawaida la WhatsApp la wanaoishi na VVU halijitambulishi kwa jina la ugonjwa. Litaitwa kwa jina la ua, la kikoba, la ukoo ambao haupo. Picha za wanachama ni machweo, nembo ya timu, mtoto wa jirani. Shughuli huanza saa tatu usiku, nyumba ikishatulia. Mgeni hukaa kimya wiki nzima au mwezi, anasoma tu. Siku akijitosa, mara nyingi haulizi habari za kinga wala virusi. Anauliza habari ya chupa. Vidonge vinapiga kelele ndani ya pochi, kwenye daladala kila mtu anageuka, afanyeje? Hapo majibu yanamiminika. Mmoja anasema jaza pamba juu ya vidonge. Mwingine anasema yeye alivimwagia kwenye mfuko wa nailoni, na mara moja wa tatu anamkatiza: usitoe dawa kwenye chupa yake, unyevu utaiharibu, na kile kifuko kidogo kilichomo ndani kimewekwa kwa ajili hiyo, usikitupe. Maswali mengine yanafuata mkondo huo. Nimehamishiwa zamu ya usiku, nimeze saa ngapi? Mchumba nimwambie kabla ya mahari au baada? Mama mkwe anakuja kukaa mwezi mzima, chupa niifiche wapi?

Hakuna daktari mwenye muda wa kumaliza maswali hayo siku ya kliniki, na mengine hakuna daktari anayeyajua majibu yake. Yanajulikana na aliyeyapitia.

Halafu hutokea jambo ambalo mada hii inaliona kuwa kiini cha yote. Miezi inapita, na yule mgeni wa chupa anaona ujumbe wa mtu aliyepokea majibu asubuhi ile, ambaye hajala na hajasema na yeyote. Kabla msimamizi wa kundi hajaamka, mgeni yule anamjibu. Anamwambia naye alikaa hivyo, anamwelekeza ale kitu kwanza, na kesho yake anamuuliza ameamkaje. Kuanzia siku hiyo ugonjwa wake umempa ujuzi ambao mtu mwingine anauhitaji. Waelimishaji rika wengi wa CTC wanaufahamu mpito huo kwa sababu ndio uliowafanya wawe waelimishaji rika. Mtandao umeufungulia mlango kwa watu ambao kliniki isingewafikia: kijana wa bweni, dereva wa malori, mfanyakazi wa ndani aliye Muscat, asiyemjua mtu wa kumweleza siri hiyo kwa lugha yake.

Wapo waliovuka zaidi ya hapo na kujiweka wazi kwa sura na jina. Doreen Moraa Moracha wa Kenya alizaliwa na VVU. Wazazi wake walikuwa na hali tofauti, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana. Amekuwa akitumia mitandao ya kijamii kueleza maisha yake, kuonyesha dawa zake na kujibu maswali ambayo vijana wanaona haya kumuuliza muuguzi. Ujasiri huo una gharama, maana matusi hayakosekani. Ndiyo maana ni kosa kumsukuma kila mwanachama wa kundi ajitangaze. Mwenye kujibu kwa jina la kupanga, chini ya picha ya ua, anafanya kazi ileile.

Kati ya habari zote zinazosambaa kwenye makundi haya, hakuna iliyobadilisha maisha ya watu kama ile ya virusi kutogundulika. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia jozi 888 za wenza katika nchi 14 za Ulaya, mmoja akiwa na VVU vilivyofubazwa na mwingine hana. Walikutana kimwili bila kondomu mara zipatazo 58,000, na hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza mwenye VVU. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba anayemeza dawa vizuri na ambaye virusi vyake havigunduliki kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Kwa mwanamke aliyejiona miaka kumi kama hatari kwa kila amgusaye, sentensi hiyo ni mzigo uliotuliwa. Lakini inataka uangalifu katika kuisimulia. Inahusu kujamiiana tu; kwa mama anayenyonyesha hatari hupungua sana bila kufikia sifuri, hivyo mtoto wake lazima aendelee na dawa na vipimo. Pia inamhusu aliyepima wingi wa virusi na kukutwa havigunduliki, siyo anayejihisi mzima tu.

Uangalifu huo ndio unaokosekana kundi likiachwa bila mtu anayejua. Wengi wanakumbuka mwaka 2011, maelfu walipopanda hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo walioacha ARV baada ya kunywa. Siku hizi kikombe hakihitaji safari. Mwuzaji wa dawa ya kusafisha damu anajiunga na kundi, anakaa wiki mbili akitoa pole, kisha anamfuata mgonjwa mmoja mmoja pembeni. Msimamizi anayemwondoa mtu huyo siku ileile, na kueleza kundi zima kwa nini amemwondoa, anaokoa maisha.

Hatari ya pili ni kuvuja kwa siri. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp namba ya kila mwanachama inaonekana na wote, na kundi moja linaweza kubeba watu 1,024. Kundi la watu elfu moja haliwezi kutunza siri. Picha moja ya skrini inatosha kumfukuzisha mtu nyumbani au kumtia mikononi mwa mtu anayedai fedha ili anyamaze. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Wanachama wachache wanalijua hilo, na wachache zaidi wangethubutu kwenda kituoni kufungua jalada ambalo litataja hali zao. Wasaidizi wa kisheria wana kazi hapo.

Nalo jambo la tatu ni kutodai makubwa mno. Nchini Nigeria, jaribio la makundi ya Facebook kwa vijana wanaoishi na VVU liliongeza uelewa wao, lakini halikuonyesha kuwabakiza kliniki kuliko wenzao. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, waelimishaji rika na wahudumu wa jamii katika nchi kadhaa za Afrika walijikuta bila kazi. Makundi ya simu yanayoendeshwa kwa bando za wanachama wenyewe hayakuhitaji fedha hizo ili kuendelea. Uendelevu huo ni wa kuheshimiwa. Usigeuke kisingizio cha kupunguza huduma: kundi halipimi wingi wa virusi, wala haligawi kidonge.

Kutokana na hayo, mada inapendekeza kila CTC yenye mwelimishaji rika isimamie makundi madogo ya watu wasiozidi thelathini, ambayo mtu huingizwa baada ya kuulizwa na kuridhia ana kwa ana, si kwa kuokota namba yake kwenye faili. Msimamizi afundishwe mambo machache ya lazima: dalili za mtu anayetaka kujidhuru, dawa zinazogombana na ARV, na jinsi ya kumtambua mwuzaji wa tiba bandia. Muuguzi aingie siku moja kwa wiki, ajibu yaliyoshindikana, atoke. Aliyenyamaza ghafla apigiwe simu na mtu anayemjua. Wenye kitochi, ambao vijijini Njombe na kwingineko ni wengi na mara nyingi ni wanawake, wapate huduma hiyohiyo kwa ujumbe mfupi na kwa kupigiwa. Jaribio la Nairobi na Kajiado halikuhitaji simu janja. Konga za wilaya, yaani mitandao ya watu wanaoishi na VVU, ambazo tayari zinawajua watu wao, zikabidhiwe uteuzi wa wasimamizi.

Suala la fedha lisiachwe hewani. Msimamizi wa kundi anatumia bando lake, muda wake wa maongezi na usingizi wake, na mara nyingi ndiye anayekopwa nauli ya kwenda kuchukua dawa. Halmashauri zinapopanga bajeti za UKIMWI ziweke kasma ya posho na vifurushi vya simu kwa wasimamizi hawa, na kila kituo kiandike mapema jina la mhudumu atakayepokea simu ya msimamizi Jumapili usiku, mwanachama anapoandika kwamba amechoka kuishi.