Negativu Mbele ya Mhakiki: Mpiga Picha za Filamu na Namna ya Kujibu Lawama

Uhakiki wa picha za filamu una jambo linaloutofautisha na uhakiki wa sanaa nyingine nyingi, nalo ni kwamba mpiga picha anayelaumiwa hubaki na negativu, yaani ukanda uliokwisha kusafishwa kwa dawa, ambao penye mwanga huonekana peusi na penye kivuli huonekana peupe. Mada hii inashikilia kwamba jibu la haki huanzia kwenye ukanda huo, wala si kwenye maelezo ya nia, kwa kuwa nia ni rahisi kutungwa upya baada ya lawama kutolewa.

Kisa kinachofaa kuchunguzwa ni cha mpiga picha Robert Frank, mzaliwa wa Zurich aliyehamia Marekani mwaka 1947, ambaye kwa ufadhili wa wakfu wa Guggenheim alioupata mwaka 1955 aliizunguka nchi hiyo akiwa na kamera ndogo ya Leica, akapiga picha zaidi ya 27,000. Kati ya hizo, 83 tu ndizo zilizoingia katika kitabu chake The Americans, kilichotoka Paris mwaka 1958 na New York mwaka 1959. Mwaka 1960 jarida la Popular Photography lilichapisha maoni ya wahariri wake kuhusu kitabu hicho, na lawama zilizosikika humo zilikuwa za namna mbili: kwamba picha zilikuwa na ukungu, chembe nyingi, mwanga uliokosewa na mistari ya upeo iliyoinama, na kwamba mpigaji aliitazama Marekani kwa chuki.

Lawama za namna ya kwanza zinapimika, na hapa ndipo wapiga picha wengi hujinyima silaha yao bora kwa kukimbilia kujitetea. Mhakiki anaposema kwamba vivuli vya picha ni tope tupu, negativu iwekwe juu ya taa: ikiwa sehemu za vivuli hazina alama yoyote, filamu haikupata mwanga wa kutosha, na hakuna ufundi wa chumba cha giza utakaorudisha kisichokuwapo; ikiwa alama zipo, kosa liko katika uchapaji, pengine kwa kuchagua karatasi isiyooana na negativu hiyo, na picha inaweza kuchapwa upya. Chembe nazo, ambazo ni mkusanyiko wa madini ya fedha unaounda taswira, huongezeka kuonekana filamu inaposafishwa kupita kiasi au kipande kidogo cha negativu kinapokuzwa mno. Katika hali zote hizi mhakiki anaweza kuwa amesema kweli, na mpiga picha mwaminifu hukubali bila kuligeuza kosa kuwa mtindo.

Hata hivyo, negativu moja haitoshi kutenganisha kosa na uamuzi. Kinachohitajika ni karatasi ya mkanda mzima, yaani ile inayochapwa kwa kulaza vipande vyote vya negativu juu yake bila kuvikuza, ili kila pigo lionekane kwa mfuatano. Karatasi za Frank, zilizohifadhiwa katika jumba la National Gallery of Art mjini Washington, zinaonyesha kwamba msichana wa lifti wa Miami Beach alipigwa picha zaidi ya mara moja, na kwamba Frank aliichagua ile ambayo watu wanaompita wamegeuka ukungu huku uso wa msichana na macho yake yaliyoinuliwa vikibaki kuonekana. Ukungu huo ulichaguliwa, na bila huo upweke wa msichana yule usingeonekana.

Lawama ya chuki haiwezi kujibiwa kwa taa wala kwa karatasi. Frank aliitangulia katika maelezo aliyoandika kwa ajili ya kitabu cha mwaka cha U.S. Camera cha 1958, ambamo alikiri kwamba mtazamo wake ni wa mtu mmoja, na akasisitiza kwamba ukosoaji unaweza kuzaliwa na upendo. Hakudai kwamba kamera yake haikuegemea upande wowote, na ukweli huo unastahili kuigwa, kwa sababu anayedai usawa kamili hulazimika kuitetea kila picha, ilhali anayekiri mtazamo wake huweza kumwachia mhakiki haki ya kuwa na wake.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba katika vikao vya kukosoana, picha iliyochapwa iletwe pamoja na negativu yake na karatasi ya mkanda, na mpigaji anyamaze mpaka wahakiki wawe wamekwisha kuvitazama vyote.