Umeme Unaoandika

Wasikilizaji wetu, siku ya ukavu twaeni kitana cha plastiki, mkisugue kwa nywele, kisha mkisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vipande vitaruka na kukishika. Nguvu hiyo twaiita umeme tuli, kwani haupiti katika waya bali hukaa pale pale ulipowekwa. Wengi huuona kuwa mchezo wa watoto. Kumbe ndio utoao nakala za vyeti na mitihani yetu.

Bwana Chester Carlson wa Marekani alifanya kazi katika idara ya hati za uvumbuzi ya kampuni moja. Alichoshwa na kunakili maandishi kwa mkono, hata viungo vikimwuma. Basi tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kidogo huko Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walitwaa bamba la zinki lililopakwa salfa, wakatia giza chumbani, wakalisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka likashika umeme. Wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa kwa wino tarehe ile na jina la mahali, wakawasha taa kali kwa muda wa sekunde chache. Wakakiondoa kioo, wakanyunyiza unga laini wa mimea, wakaupuliza. Unga wote ukapeperuka, ila mahali pa herufi!

Sababu yake ni hii. Salfa ikiwa gizani huushika umeme usitoke; ikipigwa na mwanga huuachilia. Penye kivuli cha wino umeme ulibaki, nao ukaunasa unga. Kisha karatasi yenye nta ikakandamizwa juu yake, ikapashwa moto, na maandishi yakaganda.

Makampuni zaidi ya 20 yalimkatalia. Mashine iliyoenea maofisini, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959, yaani miaka 21 baadaye.

Siku hizi hakuna kusugua. Ndani ya mashine mna ngoma iliyo kama mkebe mrefu, nayo hutiwa umeme gizani. Katika mashine za awali, mwanga ulipomulika karatasi yetu, sehemu nyeupe ziliurudisha kwenye ngoma, na umeme hapo ulitoweka. Herufi nyeusi ziliumeza mwanga, basi umeme wake ulisalia na kuvuta unga mweusi. Karatasi tupu, iliyotiwa umeme wenye nguvu zaidi, huunyang'anya ngoma unga huo. Kisha moto huuyeyusha. Ndiyo maana nakala hutoka ina joto.

Wakati wa masika karatasi yenye unyevu huuacha umeme uvuje, na herufi hutoka hafifu. Karatasi na zikae ndani ya bunda lake mpaka saa ya kutumiwa.