Kufuli Si Sheria
(Hotuba kwa waumini na wanaharakati, Eldoret)



Tunapotaja mageuzi, wengi hufikiria Bunge na Ikulu. Sisi leo twaanzia mlangoni pa duka.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulishangilia vyama vingi. Mwaka uliofuata Burnt Forest iliwaka. Januari 2008 moto ulifika Langas, Huruma na Munyaka, na huko Kiambaa waliokimbilia kanisani waliteketezwa humo. Katika majivu hayo mwenye ploti alipoteza vyumba alivyojenga kwa akiba ya maisha, na mpangaji akapoteza cherehani na mtaji. Wote wawili walikuwa watu wadogo.

Basi tuseme wazi: kura haiwi huru iwapo anayeipiga anahofia kufukuzwa dukani kesho yake.

Sisi mawakili hujiwa na akina mama waliokuta kufuli mpya mlangoni, bidhaa zingali ndani. Huuliza, "Tutadai nini, nasi hatukuandikiana?" Jibu limo katika Sura ya 301 ya sheria za Kenya, iliyotungwa mwaka 1965. Duka au hoteli iliyopangishwa bila maandishi, au kwa mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, kwa kawaida inalindwa. Mwenye jengo hana budi kutoa notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, aeleze na sababu. Mpangaji asiyekubali hupeleka shauri kwa baraza la kodi za majengo ya biashara kabla muda huo haujaisha. Akinyamaza, notisi hupita.

Sababu zimeorodheshwa: kutolipa kodi, kuharibu jengo, mwenyewe kulihitaji, na nyinginezo. Kabila la mpangaji halimo. Kura yake haimo.

Wala hatuwatetei wapangaji wakaidi. Mjane anayesomesha watoto kwa kodi ya vyumba vinne hudhulumiwa pia, mpangaji anapokataa kulipa kwa kuwa mama huyo "si wa hapa". Haki ni moja kwa wote wawili. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kila malipo yawe na risiti. Kila notisi ihifadhiwe. Na kila kanisa, kabla ya uchaguzi wowote, liwaketishe wenye majengo na wapangaji pamoja, waahidiane mbele ya Mungu kwamba hakuna mlango utakaofungwa kwa sababu ya kura.