Nani Anapima Mchanga Wetu? Maneno kwa Vijana wa Mbagala na Tegeta

Nawaona wa Mbagala, wa Chamazi, na wale wa Tegeta waliopanda daladala mbili tatu kufika hapa. Asanteni.

Leo katiba tuiache kidogo. Nataka tuongee kuhusu kusoma uhandisi wa jiolojia, yaani elimu ya miamba, udongo na maji ya chini ya ardhi. Kuna mtu ananiangalia anajiuliza, siasa iko wapi hapo? Subiri.

Mnakumbuka makinikia? Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji, kontena 277 zikabaki hapa hapa bandarini. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, mjiolojia, ikasema kila tani ina wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Nyaraka za kampuni zilionyesha kama gramu 200. Toa simu, piga hesabu: kontena moja ni tani 20 hivi. Kwa kamati, hizo ni kilo 28 kwa kontena, jumla tani 7.8. Kwa nyaraka, jumla ni tani 1.1. Acacia wakakataa matokeo. Mtaani tukagawanyika kama Simba na Yanga, kila mtu na upande wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza sampuli zilichukuliwaje, kontena ngapi zilifunguliwa, maabara ilipima kwa njia gani. Ubishi wa matrilioni, jamani, na ulisimama juu ya gramu kwa tani! Januari 2020 serikali na Barrick wakasaini, ikazaliwa Twiga Minerals, sisi tuna asilimia 16. Hizo asilimia nazo zinahitaji mtu wa kuzihakiki kila mwaka, mtu ambaye halipwi na mgodi.

Nyuma kidogo, 2007, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisimamishwa bungeni baada ya kuhoji mkataba wa Buzwagi. Mwaka huo huo ikaundwa Kamati ya Jaji Bomani, naye akawemo, na 2010 tukapata Sheria mpya ya Madini. Alikuwa mchumi. Fikiria bungeni tungekuwa na wajiolojia watano wa kuhoji namna ile!

Lakini msidhani kazi ni Geita na Bulyanhulu tu. Mimi naona kazi kubwa zaidi iko hapa Dar. Kule Kinondoni saruji ya Wazo inatoka kwenye chokaa ya kile kilima. Mchanga wa kujengea unachimbwa mitoni, kingo zinaporomoka, nyumba za watu zinaning'inia. Huku Temeke mtu anachimba kisima kwa kubahatisha, anatumia hela ya kikoba, halafu maji yanatoka ya chumvi. Kujua maji baridi yako kina gani, kujua udongo gani utabeba ghorofa, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Diwani wetu akienda kwenye kikao cha halmashauri na ramani ya udongo mkononi, atabishiwa kwa shida.

Sasa ukweli wake. Ni digrii ngumu. Uhandisi ni miaka minne, hesabu na fizikia hazikwepeki, na kuna kukaa porini na nyundo na dira, jua kali, boom limeisha. Dada zangu, msikubali kuambiwa porini si kwenu. Ajira nazo hupanda na kushuka na bei ya dhahabu, kwa hiyo jifunze na upande wa maji na misingi ya majengo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha, Dodoma kuna kozi za madini, na kama alama hazikutosha, Chuo cha Madini Dodoma kina stashahada. Wapo wanaopita huko kwanza kisha digrii.

Vigezo hubadilika, kwa hiyo usimsikilize jirani, fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu. Waliomaliza form six na PCM au PGM wabaki baada ya kikao, tuna kompyuta mbili hapa. Njooni na vyeti, tuanze na fomu za mkopo.