Nchi Kavu na Walinzi Wake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kariakoo, Dar es Salaam)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme habari za mipango na vyama vilivyojitwika kazi ya kulinda ardhi katika nchi kavu ya katikati, yaani Dodoma na Kondoa, na kule Shinyanga. Huenda baadhi yenu mwajiuliza: sisi watu wa Kariakoo, ambao shamba letu ni meza na jembe letu ni kalamu, tuna shauri gani na makorongo ya Kondoa? Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwanza.

Tokeni hapa mlangoni mpite Mtaa wa Kongo hata sokoni. Ubuyu ule unaotiwa rangi nyekundu, ukwaju, karanga, mafuta ya alizeti, sehemu kubwa yatoka Dodoma na Singida. Kisha simameni mahali yanaposhushwa magunia ya mkaa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliandika kwamba mji huu peke yake ulikuwa ukitumia kama nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Mwingi wake ulitoka mikoa ya karibu, lakini hapana mti usio na bei mahali penye barabara na lori. Jiko la nyumbani kwetu lafika mbali kuliko miguu yetu.

Tena kuna jambo la uhamisho. Mwaka 1973 chama cha TANU kilikata shauri kwamba makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma. Miaka mingi ikapita, na watu wakalifanya jambo hilo mzaha. Hata mwaka 2016 ilipokuja amri, mizigo ikafungwa kweli kweli, na wenzetu wengi tuliokaa nao katika mikutano kama huu sasa wamejenga kule. Mwaka ule ule wa 1973 ndipo Serikali ilipoanzisha mpango wa HADO, ndiyo Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa fedha za Waswidi. Afadhali aendaye kule ajue ni ardhi ya namna gani anayokwenda kukaa juu yake.

Nchi hiyo si jangwa la mchanga mtupu. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, walakini yote hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kisha ni kiangazi mpaka majani yawe vumbi. Mvua ya kwanza huja kwa nguvu, na ikikuta ardhi i uchi, haina nyasi wala mizizi ya kuishika, huichukua. Mahali palipokuwa njia ya ng'ombe pawa mfereji, na mfereji huwa korongo liwezalo kumeza nyumba.

Katika vilima vya Irangi, wilaya ya Kondoa, jambo hilo lilikuwa baya kuliko mahali pengi. Serikali ya Kiingereza iliona tangu miaka ya 1930, ikapigana nalo kwa matuta na kwa kuwahamisha watu. Haikushinda. Hata HADO ilipokuja, ilianza vivyo hivyo, kwa trekta, matuta na miche ya miti, na ng'ombe wakaendelea kukanyaga yote. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri kubwa: wanyama wote watoke, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Hesabu zilizoandikwa zasema walitolewa wapatao 85,000 hata 90,000.

Hapa yatupasa tuseme pande zote mbili, maana wengi husema upande mmoja tu. Ardhi ilipona. Nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti ya miombo iliyochipua yenyewe bila kupandwa na mtu. Makorongo mengi yakatulia, na mito iliyokuwa mchanga mtupu ikaanza kulimwa kandokando. Wataalamu walikuja kutoka mbali kutazama. Lakini mtu aliyelala na ng'ombe sita aliamka hana maziwa, hana samadi, hana mahari ya mwanawe. Wengine walipeleka wanyama wao kwa ndugu walioko nchi ya chini, nje ya mpaka wa amri, na huko nako ardhi ikaanza kuumia. Ilipita miaka kama kumi kabla ya kuruhusiwa ng'ombe wachache kufugwa zizini na kuletewa majani. Fedha za Waswidi zilipokoma katikati ya miaka ya 1990, watu walianza kurudisha wanyama usiku. Twawalaumu? Sisi hatutawalaumu. Mtu hulinda kitu kwa moyo akiwa aliulizwa.

Tukiwa tungali Dodoma, tukumbuke Kongwa, maana wazee wangali wakiisimulia. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga kwa matrekta, nao wakapanga ekari zaidi ya milioni tatu katika Tanganyika na nchi za jirani. Ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama saruji, na mvua hazikuja kwa hesabu ya London. Mwanzoni mwa 1951 shauri likaachwa, na paundi milioni 36 hivi zikawa zimekwenda. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walijua tangu asili mvua zao ni za namna gani. Hayo yatosha.

Sasa twende Shinyanga, ambako habari ni ndefu zaidi. Nchi ile ya Wasukuma ilikuwa na misitu. Katika miaka ya 1920 Bwana Swynnerton, mkuu wa kazi ya kupigana na mbung'o, aliwaita watu pamoja na watemi wao kufyeka pori ili mbung'o wafe. Mbung'o walipungua kweli, ng'ombe wakaongezeka; pamba ikaja, mashamba yakapanuka, na fyekeo halikurudishwa nyuma. Toka 1947 ulikuwako Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, wenye sheria nyingi za kupunguza ng'ombe na kulima hivi na hivi. Watu walizichukia, na katika miaka ya 1950 walizikataa waziwazi, hata zikaachwa. Baadaye Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wanorwe walitoa fedha, na shirika la utafiti wa kilimo cha miti lenye makao yake Nairobi likasaidia kwa elimu.

HASHI nayo ilianza kwa kosa lile la kawaida: vitalu vikubwa vya Serikali, miche ya kigeni, na wanakijiji kuambiwa wapande. Tofauti yake ni kwamba mabwana miti wake walisikiliza. Wazee waliwaambia, sisi tunayo ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, isiingiwe na mnyama, hata kiangazi kikali kifike. Hapo hufunguliwa kwa ndama, kwa maksai wa kulimia, na kwa ng'ombe walio wagonjwa. Ziko za jamaa moja na ziko za kijiji kizima. Aingizaye ng'ombe humo kwa wizi huitwa mbele ya dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, akatozwa faini, na sungusungu huhakikisha ya kuwa amelipa. Hapana askari wala gari la Serikali.

Mbona basi ngitili zilikuwa zimekaribia kwisha? Sababu ziko nyingi, lakini moja yatuhusu. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, waliacha maboma yao na ngitili zilizokuwa kando yake. Aliyekuwa mlinzi akawa mbali na mali yake, na mali isiyo na mlinzi ililiwa. Amri zile zilipigwa chapa na watu waliokaa ofisini kama sisi, na pengine hawakupata kuona ngitili hata siku moja.

Mwaka 1986 zilihesabiwa hekta kama 600 tu za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa hekta 300,000, na wengine walisema hata 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Uchunguzi uliotolewa 2005 ulikadiria kwamba faida ya kuni, asali, dawa, majani ya kuezekea na malisho ilifika kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, nayo ni zaidi ya matumizi ya kawaida ya mtu wa shamba katika Tanzania wakati ule. Miti mingi haikupandwa. Iliachwa tu, ikachipua. HASHI yenyewe ilifungwa 2004, na ngitili hazikufa siku ile.

Walakini zina hatari yake, na hatari hiyo imelala katika masijala zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, yampa mwanakijiji uwezo wa kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na Sheria ya Misitu, Na. 14 ya 2002, yakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Sheria ndogo ya kijiji hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha yapaswa kukubaliwa na Halmashauri ya Wilaya. Hapo katikati ndipo tulipo sisi.

Mmoja wetu alifanya kazi katika ofisi moja ya bara, ambayo hatutaitaja. Wazee watatu walileta muhtasari wa mkutano wao pamoja na sheria ndogo ya kulinda ngitili. Karatasi ilipungukiwa na muhuri, ikarudishwa. Wakaja tena baada ya mavuno. Afisa alikuwa safarini. Mara ya tatu jalada halikuonekana. Lilipatikana mwaka wa pili, chini ya makabrasha ya mashindano ya mpira. Wakati huo upande mmoja wa ngitili ulikuwa umekwisha kukatwa mkaa na watu waliosema kwamba hapana sheria iliyoandikwa, nao walisema kweli. Twasema "ofisi", lakini karani aliyeipokea barua ile ya kwanza alikuwa mwenzetu huyo huyo. Ndiye aliyetusimulia, na hakutafuta udhuru.

Kwa wale wanaohamia Dodoma twaongeza neno moja. Kuna kazi iitwayo Kisiki Hai, inayoenezwa na shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi. Haihitaji kitalu wala maji ya bomba. Katika shamba lililofyekwa visiki vingi vingali hai chini ya ardhi. Mwenye shamba huchagua machipukizi machache yaliyo imara, hupogoa mengine, hutia alama ili asiyakate kwa jembe, na huyalinda na mbuzi. Aliyepewa kiwanja huko asianze kwa kung'oa kila kitu apate uwanja mweupe. Atazame kwanza chini.

Halmashauri imetuambia kwamba mwenzetu tuliyemtaja yupo hapa jioni hii, na amekubali kujibu maswali juu ya namna ya kuandika muhtasari wa kijiji usirudishwe. Tutaishia hapa, maana saa yaenda na wenzetu wa Gongo la Mboto wana safari. Aliye na neno na asimame.